Kilimo cha bustani na biashara chuoni: daftari lifunguliwe siku ya kusia mbegu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuwaambie jambo moja vijana wanaojaza fomu za chuo kikuu, pamoja na wale wanaopanga mitaala. Shahada inayounganisha kilimo cha bustani na uendeshaji wa biashara inavutia wengi, na inastahili kuvutia. Shida ni kwamba mara nyingi ndani yake kuna kozi mbili zinazoishi nyumba moja bila kusalimiana. Asubuhi mwanafunzi anasoma magonjwa ya mimea, mchana anasoma uhasibu kwa mifano ya duka la nguo, na miaka inaisha bila kuulizwa mche mmoja alioukuza mwenyewe umemgharimu kiasi gani. Tunachodai ni hiki: daftari la fedha lifunguliwe siku mbegu inaposiwa, na mwanafunzi yuleyule alishike hadi siku mnunuzi anapolipa.

Kosa la kwanza hutokea kwenye kitalu cha miche, tena ni la hesabu. Chukua hekta moja ya nyanya, sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mche na mche. Kila mche unatwaa mita za mraba 0.375, kwa hiyo hekta inabeba miche 26,667 hivi. Wengi huishia hapo, wakaagiza mbegu idadi hiyohiyo. Lakini mbegu zikiota kwa asilimia 85, na katika zilizoota asilimia 90 zikafika siku ya kupandikiza zikiwa na afya, inabidi 26,667 igawanywe kwa 0.85, kisha kwa 0.90. Jibu ni mbegu 34,900 hivi. Kwa mbegu zenye punje 300 kwenye gramu moja, hizo ni gramu 116. Aliyeagiza gramu 89 atapata miche 20,400 na karibu robo ya shamba itabaki wazi, ilhali kulima, kutandaza mipira ya maji na kodi ya ardhi vimelipiwa hekta nzima.

Hiyo asilimia 85 haisomwi kwenye pakiti tu. Panga mbegu 100 juu ya karatasi yenye unyevu, mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 30, uhesabu siku ya 5 na tena siku ya 14. Zinazoota lakini zimepinda, au hazina mzizi mkuu, hazihesabiwi. Kazi hii haichukui hata dakika 20 za mkono wa mtu, na ndiyo somo la kwanza la bajeti.

Kisha kuna kalenda ya fedha, ambayo kwa maoni yetu ndiyo sura inayofundishwa vibaya kuliko zote. Mbegu inasiwa wiki ya 0, miche inapandikizwa wiki ya 5, mavuno ya kwanza ni wiki ya 15 kutegemea aina na hali ya hewa. Mnunuzi akilipa siku 30 baada ya kupokea mzigo, fedha ya kwanza inaingia wiki ya 19. Katikati hapo zinatoka fedha za udongo wa trei, kulima, mbolea ya kupandia, miti ya kusimikia, kamba, kupogoa machipukizi ya kwapani kila wiki, viuatilifu na maji. Mradi unaweza kuonyesha faida kwenye hesabu ya mwisho na bado ukafa wiki ya 12 kwa kukosa fedha ya palizi. Mwanafunzi achore jedwali la wiki 20, mstari wa zinazotoka, mstari wa zinazoingia, na chini yake salio linalojumlishwa wiki hadi wiki. Pale salio linapofika chini kabisa ndipo panapoonyesha mtaji anaohitaji. Jumla ya gharama zote za msimu haimwambii hilo.

Kalenda hiyo inaingia hadi kwenye mizizi. Fedha ya kulima ikichelewa wiki mbili, miche inabaki kwenye trei, mizizi inajisokota ndani ya tundu, shina linarefuka na kukonda. Ikipandikizwa, inasimama bila kukua kwa siku nyingi, na mavuno yanasogea mbele. Mwanafunzi wa agronomia, yaani sayansi ya mazao, ataona miche dhaifu atafute ugonjwa. Aliyesoma pande zote mbili atafungua daftari na kuona kwamba ugonjwa ulianza kwenye tarehe ya malipo.

Kwenye mbolea tungependa kila anayehitimu aweze kusoma mfuko kama anavyosoma bei. Mfuko wa kilo 50 wa 17-17-17 una kilo 8.5 za naitrojeni, kwa kuwa namba ya kwanza ni asilimia yake. Namba ya pili na ya tatu haziandikwi kama fosforasi na potasiamu tupu, zinaandikwa kama oksidi zake. Kupata fosforasi yenyewe zidisha kilo za oksidi kwa 0.44, na potasiamu kwa 0.83, hivyo mfuko huo una kilo 3.7 za fosforasi na kilo 7 za potasiamu. Asiyejua hili anasoma majibu ya maabara kwa kipimo kimoja na mfuko kwa kipimo kingine, kisha anaweka pungufu au anapitiliza.

Halafu alinganishe gharama kwa kilo ya kirutubisho badala ya bei ya mfuko. Tuseme mfuko wa kilo 50 wa yurea yenye asilimia 46 ya naitrojeni unauzwa vizio 100 vya fedha, na wa CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalisi) yenye asilimia 26 vizio 80. Yurea inatoa kilo 23 za naitrojeni, kila kilo kwa vizio 4.35. CAN inatoa kilo 13, kila kilo kwa vizio 6.15. Mfuko wa bei ndogo ndio ghali. Mwanafunzi wa biashara peke yake angefunga hesabu hapo. Wa bustani anajua kwamba yurea iliyoachwa juu ya udongo wenye joto bila kufukiwa au kumwagiliwa hupoteza sehemu ya naitrojeni hewani kama amonia, na kwamba naitrojeni nyingi ya amonia kwenye nyanya hushindana na kalisi mizizini. Tunda likikosa kalisi linaoza kitako: doa la maji upande wa chini, baadaye jeusi, gumu kama ngozi. Sababu ya kawaida kuliko zote ni maji yasiyo na mpangilio, leo mengi, kesho hakuna, hata kama udongo una kalisi ya kutosha. Tunda la namna hiyo halina daraja sokoni. Ndiyo maana tunasema uamuzi wa mfuko upi ununuliwe ni wa masomo mawili kwa pamoja.

Sampuli ya udongo nayo ina makosa yake. Chukua visampuli 15 hadi 20 kwa kutembea zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo ya kupeleka maabara. Ndoo ya bati lililopakwa zinki huchafua kipimo cha zinki. Usichote penye kichuguu, palipochomwa takataka, wala palipomwagwa samadi.

Maji yanahitaji hesabu ya kila siku. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na juu ya hekta ni mita za ujazo 10. Siku ambayo uvukizi rejea (maji ambayo majani mafupi yaliyofunika udongo yangepoteza siku hiyo) ni milimita 5, nyanya zilizofunga matunda hutumia mara 1.15 ya hiyo, yaani 5.75. Mfumo wa matone wenye ufanisi wa asilimia 90 unatakiwa utoe 6.4, sawa na mita za ujazo 64 kwa hekta. Ila namba hiyo haina maana kama mistari haitoi sawasawa. Weka vikopo chini ya matundu 20, baadhi karibu na bomba kuu na mengine mwisho wa mistari, fungua maji kwa dakika 10, pima kila kikopo. Wastani wa vikopo vitano vyenye maji machache ugawe kwa wastani wa vyote. Ukipata zaidi ya asilimia 90, mfumo uko vizuri. Chini ya 80, safisha chujio, fungua miisho ya mipira itoe uchafu, angalia mgandamizo wa maji. Mkulima asiyepima hujikuta anamwagilia shamba zima kwa kufuata mstari wenye kiu, na gharama ya pampu inapanda bila kilo moja kuongezeka.

Bomba la mgongoni lipimwe vilevile kabla ya dawa yoyote kuingia. Jaza maji matupu, pulizia mita za mraba 100 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji ya kurudishia bomba lijae tena. Zikienda lita 4, kwa hekta ni lita 400. Lebo ikisema lita moja ya dawa kwa hekta, bomba la lita 16 linachukua mililita 40. Mtu mwingine akilibeba, mwendo unabadilika na kipimo kinarudiwa.

Hapa pana sehemu tunayoipenda kufundisha kuliko nyingi, kwa sababu ndani yake bustani na biashara haziwezi kutenganishwa hata ukitaka. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Nyanya zinavunwa kila baada ya siku tatu au nne. Dawa ya siku 7 inakupotezea mchumo mmoja, mara nyingine miwili, na matunda yaliyoiva kupita kiasi lazima yachumwe na kutupwa, la sivyo yanavuta wadudu. Dawa ya siku 1 hadi 3 inaweza kuwa na bei kubwa dukani na bado ikawa rahisi ukijumlisha mchumo uliookolewa. Mwanafunzi apangiwe zoezi hili kwa maandishi: andika mapato yatakayoongezeka, gharama zitakazopungua, gharama zitakazoongezeka, na mapato yatakayopungua. Toa mbili za mwisho kwenye jumla ya mbili za kwanza. Hiyo ndiyo bajeti ya mabadiliko, na inatosha kwa maamuzi mengi ya shambani bila kuandika upya hesabu ya shamba zima.

Viwango vya juu vya mabaki ya dawa kwenye chakula vinapangwa kimataifa na tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963. Wanunuzi wengi wakubwa hudai pia vyeti kama GLOBALG.A.P., mpango ulioanza mwaka 1997 kwa jina la EUREPGAP na kubadilishwa jina mwaka 2007. Wanachodai kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu: nani alipulizia, nini, kiasi gani, tarehe ipi, kitalu kipi. Aliyeandika daftari lake tangu siku ya kusia anazo tayari. Anayejaza usiku wa kuamkia ukaguzi hujulikana, kwa sababu kalamu ni ileile ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho na hakuna hata doa la udongo.

Sasa upotevu baada ya mavuno. Tuseme gharama zote za kitalu ni vizio 800 na kilo inauzwa vizio 2. Ili asipate hasara mkulima auze kilo 400. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika 400 na kufunga daftari. Lakini si matunda yote ni daraja la kwanza. Asilimia 70 zikiuzwa vizio 2 na asilimia 30 kizio 1, wastani unashuka hadi 1.7, na kilo za kuuza zinakuwa 471. Kisha robo ya kilichovunwa ikipotea kabla ya kuuzwa, inabidi avune kilo 628. Kutoka 400 hadi 628, na hakuna mdudu aliyeingia shambani. Kilo iliyooza nayo haikuwa ya bure, imeshakula mbegu, maji, mbolea, mikono ya kuchuma na nafasi kwenye sanduku. Upotevu ukishushwa hadi asilimia 10, anahitaji kuvuna 523. Ndiyo maana kivuli cha kuwekea masanduku kinaweza kulipa kuliko mfuko wa mbolea.

Sababu yake ni kwamba mboga na tunda vinaendelea kupumua baada ya kuchumwa. Kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, upumuaji huenda mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo chuma asubuhi mapema, peleka kivulini mara moja, toa joto la shambani kabla ya kufunga, usijaze sanduku likapita ukingo kwa kuwa sanduku la juu litaponda tunda badala ya kukaa juu ya ubao. Mboga za majani hupenda nyuzi 0 na unyevu wa hewa wa asilimia 95 hadi 98. Ndizi zikishuka chini ya nyuzi 13 ganda linakuwa la kijivu na haziivi vizuri. Nyanya za kijani zilizokomaa nazo huumia zikikaa muda mrefu chini ya nyuzi 10 na kitu. Chumba kimoja cha baridi kilichowekwa nyuzi 4 kwa mazao yote ni kosa la mtu aliyenunua mashine kabla ya kusoma fiziolojia, yaani jinsi mazao yanavyoishi na kupumua. Usichanganye pia ndizi au parachichi zinazoiva na matango na karoti. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda hayo hugeuza matango kuwa ya njano, na karoti zinakuwa chungu.

Uhusiano huu wa kuoza, umbali na fedha si mpya. Johann Heinrich von Thünen wa Ujerumani, aliyenunua shamba la Tellow mwaka 1810 na kuandika mahesabu yake kwa undani wa ajabu, alichapisha mwaka 1826 maelezo ya kwa nini mboga na maziwa vilizalishwa karibu na mji na nafaka mbali zaidi. Magari na majokofu yamesogeza mipaka ya ramani yake, lakini swali lake linabaki: zao hili litastahimili saa ngapi, na kila saa inagharimu nini? Tunamtaja kwa sababu nadharia yake ilitoka kwenye daftari la shamba.

Kuhusu kazi za watu, tunataka daftari liandikwe hivi: “Jumanne, watu 3, saa 4, kupogoa machipukizi, mistari 1 hadi 12.” Hiyo ni saa 12 za kazi, na mwisho wa msimu zinajumlishwa kwa kila shughuli. Saa za mwenye shamba na familia yake ziingie pia kwa ujira ambao wangelipwa kwingine. Zikiachwa, pato ghafi, yaani mapato ukitoa gharama za msimu tu, linapendeza machoni wakati watu wamefanya kazi bure. Tukumbuke pia kwamba pato ghafi halijawa faida. Toa kwanza gharama za kudumu, ukiwemo uchakavu. Plastiki ya banda kitalu iliyotiwa kinga ya jua hudumu miaka mitatu au minne hivi, fremu ya chuma miaka mingi zaidi, kwa hiyo kila kimoja kina mstari wake. Tumeona maandiko ya miradi yakigawa banda zima kwa miaka 15. Mwaka wa nne plastiki inapasuka, na fedha ya kununua nyingine haikutengwa.

Miti ya matunda inahitaji hesabu nyingine. Parachichi kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 ni miche 204 kwa hekta. Iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti mwingine, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ya mbegu huchelewa zaidi na haifanani na mama yake. Vizio 100 vitakavyopatikana baada ya miaka mitano, kwa riba ya asilimia 10, leo vina thamani ya 62. Anayelinganisha parachichi na mboga bila hatua hii analinganisha fedha za miaka tofauti. Nafasi kati ya miti michanga inaweza kubeba mboga au mikunde miaka ya mwanzo, mradi mizizi ya mti isikatwe kwa jembe.

Kwa wapanga mitaala, ombi letu ni dogo. Wapeni wanafunzi wanne kitalu cha mita za mraba 100 kwa misimu miwili kamili, pamoja na mtaji mdogo wa kurejesha, na mtihani wa mwisho uwe wa mdomo, daftari likiwa mezani, mwalimu wa mimea na mwalimu wa uhasibu wakiuliza kwa zamu. Misimu miwili, kwa sababu wa kwanza hufundisha makosa na wa pili huonyesha kama yamerekebishwa. Mihula ikigongana na majira ya kupanda, muhula ndio usogezwe.

Na wewe unayejaza fomu: kemia, baiolojia na hesabu utazihitaji zote, usikimbie hata moja. Kabla ya kuchagua chuo uliza kama mwanafunzi anapewa kitalu chake au anatazama cha mwalimu. Uliza mavuno ya vitalu vya wanafunzi huuzwa wapi, na nani anapanga bei. Uliza mafunzo kwa vitendo huchukua wiki ngapi, na kama zinaangukia msimu wa kuvuna au wakati mashamba yako tupu. Omba uonyeshwe daftari la msimu uliopita la mwanafunzi yeyote, jina likiwa limefunikwa, na ufungue ukurasa wa katikati uone kama kuna tarehe, saa za kazi, kilo zilizovunwa na kilo zilizotupwa.

Ni sisi,
Walimu wa kilimo cha bustani na uendeshaji wa biashara